Udiwani si mfuko wa rambirambi

Nenda kwenye mkutano wowote wa kampeni za udiwani hapa Kigoma Ujiji, uwe wa Gungu, Rusimbi au Buzebazeba. Ahadi ya kwanza ni barabara. Ya pili ni maji. Ya tatu ni umeme, na siku hizi wameongeza taa za barabarani. Mgombea anapanda jukwaani, spika inapiga mluzi, akina mama wanapiga vigelegele, na hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: hiyo barabara, ndugu mgombea, utaijenga kwa fungu lipi?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe halimpendezi mgombea. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali Kuu wenye mameneja wake na bajeti yake. Maji ya mjini yana mamlaka yake. Ya vijijini, tangu sheria ya maji ya 2019, yako kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Umeme ni wa TANESCO, na gridi ya Taifa ilipofika Kigoma, haikuletwa na azimio la baraza la madiwani. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa chanzo cha kutegemewa cha manispaa, tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme, na mkusanyaji wake ni Mamlaka ya Mapato, TRA. Mbunge angalau ana Mfuko wa Jimbo kwa sheria ya 2009. Diwani hana mfuko hata wa kununulia tofali.

Anaweza kuwapigia kelele TARURA, na anatakiwa awapigie. Ila kupiga kelele si kujenga, na mtu anayeomba kura kwa kuahidi lami anaomba kazi ya mtu mwingine.

Kwa macho yangu, mgombea udiwani anayejali jamii anatambulika kwa jambo moja: anaahidi kile tu ambacho kiti chake kinaweza kukitenda, na anakiahidi kwa namna ambayo mtu anaweza kumfuata mpaka barazani kwake kumdai. Ahadi ndogo, yenye tarehe. Haina mvuto jukwaani hata kidogo, na ndiyo maana husikii ikitolewa.

Wala kilichobaki mikononi mwa halmashauri si kidogo. Shule za msingi na sekondari za kata. Zahanati. Masoko, stendi, mialo ya wavuvi, machinjio. Taka. Viwanja na michoro ya mji. Ushuru, na sheria ndogo zinazouweka huo ushuru. Mikopo ya asilimia kumi. Mama wa Katubuka anayempeleka mtoto shule asubuhi, akapita zahanati kuchukua dawa, akaenda sokoni kupanga nyanya zake, tayari ameigusa halmashauri mara tatu kabla ya saa nne. Na katika kata, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mtendaji wa kata ni katibu wake, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake. Mapendekezo ya maendeleo ya kata yanatakiwa yapite kwenye meza hiyo kabla ya kwenda manispaa.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 230,000 katika manispaa yetu yenye kata 19. Kwa wastani, basi, kila diwani ana watu kama 12,000. Idadi hiyo ni ndogo kiasi kwamba mtu makini anaweza kuijua mtaa kwa mtaa, na ni kubwa kiasi kwamba hakuna awezaye kuilisha kwa mfuko wake. Na hapo pa kulisha ndipo siasa yetu ya kata ilipokwama.

Kigoma tuna sifa tunayoigawa kwa urahisi sana: "huyu ni mtu wa watu." Kila mmoja anajua inavyopatikana. Msiba umetokea Kasingirima, yupo. Maulidi Ujiji, yupo, na ng'ombe kachangia. Harambee ya kanisa, bahasha imetangulia. Mtoto wa jirani amepangiwa bweni, godoro na ndoo vimeshanunuliwa. Mgonjwa anakimbizwa hospitali ya Maweni usiku, bajaji kalipa yeye. Miaka miwili ya namna hiyo na jina lako linaanza kutajwa vijiweni. Wa tatu, wapambe wanakuja wenyewe bila kuitwa.

Sina ubaya na misiba. Mtu asiyeonekana msibani jamii inamweka pembeni, na ni haki yake kumweka. Kinachonisumbua ni hesabu. Katika watu 12,000 hakipiti kipindi bila jeneza, bila harusi, bila mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa mchango wa shule. Posho ya mwezi ya diwani, ambayo tangu mwaka wa fedha 2021/22 katika halmashauri nyingi inalipwa na Serikali Kuu, haibebi hata robo ya mambo hayo. Sasa pesa inatoka wapi? Kuna mwenye biashara yake, anaitoa dukani mpaka duka linakonda. Kuna anayekopa. Na kuna wa tatu, ambaye ndiye ninayemwogopa, anayeanza kuuliza maswali ya pembeni: kazi ya kuzoa taka kapewa nani, madawati analeta nani, kile kibanda cha sokoni mbona hakina mwenyewe. Baadaye tutamwita mwizi, na huenda ni mwizi kweli, lakini bili aliyokuwa anailipa tulimwandikia sisi.

Angalia daftari la rambirambi linavyofanya kazi. Kijana anakaa kwenye kiti cha plastiki penye mlango wa uani, kalamu mkononi, anaandika jina na kiasi. Elfu mbili, elfu mbili, elfu moja, elfu tano. Halafu anakuja mtia nia na laki moja, na kijana mwenyewe anakaa vizuri kwenye kiti kabla ya kuandika. Daftari likisomwa baada ya maziko, jina lile linasomwa kwa sauti nyingine kabisa. Natamani nimwone mgombea anayeandikisha elfu mbili kama jirani yeyote, halafu anashika jembe na kuchimba kaburi mpaka mwanandani. Huyo ni jirani, na jirani unaweza kumuuliza chochote. Aliyetoa laki amekuwa mfadhili, na mfadhili wako huwezi kumsimamisha mkutanoni umwulize kwa nini mapato ya soko yameshuka robo hii. Nadhani wengine wanatoa kwa ajili hiyo hiyo.

Sheria imejaribu. Kulikuwa na vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, kwa hoja kwamba ukarimu ni mila yetu. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vikafutwa kwa kukiuka Katiba. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Kwenye karatasi, mambo yameisha. Mtaani takrima imebadilisha jina tu: inaitwa nauli ya wajumbe, inaitwa maji ya kunywa, inaitwa kuwezesha. Pilau imebaki pilau.

Kuna jambo jingine ambalo mgombea mkweli hana budi kuwaambia watu mapema, kabla hawajamchagua na kuanza kumlaumu: diwani hamwamrishi mtumishi. Mkurugenzi wa manispaa anateuliwa na Rais. Baraza linapitisha bajeti na sheria ndogo, linahoji, linaazimia, linaunda kamati ya kuchunguza. Anayetekeleza ni mkurugenzi na wakuu wa idara. Wenzetu wa Kenya tangu 2013 wana kaunti 47 na gavana wao wanampigia kura, na bunge la kaunti likichoka naye linaweza kuanzisha safari ya kumng'oa. Hapa kwetu ni tofauti. Machi 2018, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilipoonyesha kwamba Kigoma Ujiji na Pangani zimepata hati chafu, kama tunavyozoea kuiita, aliyeagiza wakurugenzi wa halmashauri hizo mbili wasimamishwe kazi ni Rais John Magufuli. Amri ilitoka Ikulu. Haikutoka kwenye ukumbi wa baraza letu, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya ACT-Wazalendo.

Mimi kinachoniuma katika kisa hicho ni mwaka wa hesabu zenyewe: 2016/17. Maana 2016 ndio mwaka ambao Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa moja ya serikali 15 za mwanzo za ngazi ya chini, dunia nzima, kuingia kwenye mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi, OGP. Tulikuwa orodha moja na Paris, Madrid, Seoul na São Paulo. Kutoka Afrika tulikuwa na Elgeyo Marakwet ya Kenya na Sekondi-Takoradi ya Ghana. Ilikuwa heshima, na sitaki kuibeza. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo na sisi tukatoka nayo, wakati Elgeyo Marakwet wakaendelea. Wapo wanaosema tulikatwa miguu kabla hatujakimbia. Sawa. Lakini katika mwaka uleule tuliokuwa tukisifiwa kwa uwazi, vitabu vya hesabu vilikuwa katika hali ambayo mkaguzi hakuweza kuikubali, na jambo hilo linaniambia kwamba uwazi wetu ulijulikana zaidi nje kuliko Kibirizi.

Uwazi unaomfaa mkazi ni karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, yenye tarehe ya robo hii. Nina tabia ya kuziangalia mbao hizo ninapopita. Nyingi zina tangazo la chanjo, tangazo la mnada, namba ya fundi friji, na nyuma yake karatasi iliyopauka ambayo kilichobaki kusomeka ni muhuri. Diwani hawezi kumfukuza mkurugenzi, lakini anaweza kukataa kufungua kikao cha kamati ya kata mpaka karatasi mpya iwe imebandikwa. Hiyo haihitaji chama wala wafadhili wa Ulaya, na gundi ni shilingi mia tano.

Sasa twende Kibirizi, kata yetu yenye mwalo, kwa sababu ndipo nadharia hii inapopata mwili.

Dagaa wa ziwa letu, Tanganyika, hawavuliwi kila usiku wa mwezi. Wavuvi wanatoka usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukipevuka, mwanga wa taa unapotea ndani ya mwanga wa mwezi, dagaa hawakusanyiki, vyombo vinapandishwa ufukweni. Kwa siku kadhaa pesa inapungua Kibirizi nzima. Mama ntilie anapika nusu sufuria. Bodaboda analala juu ya pikipiki yake kivulini. Mwenye duka anafungua daftari la mkopo. Halafu giza linarudi na kila kitu kinaamka. Aliyekulia pale anaijua kalenda hiyo kuliko ya ukutani.

Manispaa haiijui. Mkutano wa mtaa unaitishwa saa nne asubuhi katikati ya giza. Mvuvi aliyerudi alfajiri yuko usingizini, mkewe yuko mchangani anageuza dagaa kabla jua halijawa kali, na kinachoandikwa kuwa mkutano mkuu wa wakazi ni wazee wachache, balozi wa nyumba kumi, wapambe wawili na mwanafunzi aliyetumwa na mama yake kusikiliza kama kuna mikopo. Muhtasari unasema wananchi wameridhia. Wameridhia wapi, na mwalo wote umelala?

Kurekebisha hilo hakuna gharama yoyote. Itisha mkutano siku za mbalamwezi, saa kumi jioni, palepale mwaloni, na utawapata wenye vyombo, wabeba ndoo, waanikaji, wachuuzi na wenye vibanda kwa pamoja. Mgombea anayesimama na kusema, "Nikiwa mwenyekiti wa kamati ya kata, mitaa ya mwaloni itakutana mwezi ukipevuka," atachekwa na wasomi wa Mwanga, lakini amewaahidi watu kitu kinachobadilisha nani anakuwepo wakati wa kuamua, na kila mtu anaweza kuangalia juu angani akajua kama ahadi imetimizwa.

Na wakikutana wataongea nini? Wataongea chanja za kuanikia dagaa. Dagaa aliyeanikwa mchangani anakwenda kwa bei ya chini kuliko wa chanja, maana mnunuzi wa mbali hataki kutafuna mchanga. Na mvua ya ghafla ikipiga, wa mchangani ndio wa kwanza kuoza. Wataalamu wa uvuvi wamehimiza chanja miaka mingi. Waanikaji wenyewe hawahitaji semina ya kuwaeleza, wanahitaji mbao, nyavu na eneo ambalo hawatafukuzwa. Ukizungumza nao, mazungumzo yanarudi haraka kwenye ushuru. "Risiti nakatiwa kila siku, baba," aliniambia mmoja, akifungua fundo la kanga na kutoa rundo la vikaratasi vilivyofutika. "Chanja tuliambiwa mwaka ule wa Mwenge."

Vikaratasi vile ndivyo kampeni yangu ingeanzia, kama ningekuwa na tamaa ya udiwani, na sina. Ushuru wa mwaloni unaingia manispaa. Ni kiasi gani kinarudi mwaloni ni suala la bajeti, na bajeti inapitishwa na madiwani waliokaa kwenye viti na kunyoosha mikono. Hapo ndipo kiti kina meno. Diwani aliyekaa na waanikaji akajumlisha risiti za giza moja, akajua kata yake inachangia kiasi gani, anaingia kwenye vikao vya bajeti akiwa na tarakimu ambazo mweka hazina hawezi kuzipuuza kwa urahisi. Anaweza kushindwa, kata 19 zinagombania mfuko mmoja na si zote zina mwalo. Lakini atashindwa akiwa na hoja, na waliomchagua watajua ameshindwa wapi na nani alimpinga. Linganisha na yule wa barabara, ambaye miaka mitano baadaye bado anasema tunasubiri fedha kutoka juu.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa kuliko kata, mkubwa kuliko mkoa. Ziwa lina nchi nne. Diwani hakuwa na la kusema kuhusu kufunga au kutofunga. Ila miezi mitatu bila dagaa ilikuwa na maswali ya ngazi yake kabisa: kikundi kilichokopa manispaa kinarejesha nini wakati hakuna kinachoanikwa? Mwenye kibanda cha mwaloni anaendelea kudaiwa pango? Maswali kama hayo hujibiwa na halmashauri, au hayajibiwi na mtu yeyote, kutegemea kama kuna aliyeyapeleka.

Hapo tunagusa mikopo ya asilimia kumi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote cha mgombea. Sheria, tangu 2018, inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Pesa ya ushuru wa dagaa, kwa maneno mengine, inatakiwa irudi kwa njia hiyo. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utaratibu huo baada ya hoja za ukaguzi kuwa nzito: vikundi hewa, marejesho yasiyorudi. Mwaka 2024 ukarudishwa kwa masharti mapya, na Kigoma Ujiji ikawa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki.

Vikundi hewa havikushuka kutoka mbinguni. Vinaundwa wiki za kampeni. Mpambe anakusanya vitambulisho vya watu watano, kikundi kinapata jina zuri lenye "Upendo" au "Tupendane" ndani yake, na mgombea anawaambia mkishinda nami mkopo huo hapo. Akishapita, mkopo unageuka shukrani, na shukrani hairejeshwi. Ukiingiza benki katikati umeondoa sehemu ya tatizo hilo, ila umeleta jingine: mama anayejua kila mdaiwa wake kwa jina sasa anatakiwa ajaze fomu na kufungua akaunti, na anaona haya kuuliza. Mgombea wa jamii ana kazi ya kufanya pande zote mbili. Awe na uso wa kumkatalia mpambe wake, na awe na subira ya kukaa na yule mama na afisa maendeleo ya jamii wa kata mpaka fomu ikamilike. Na orodha ya waliokopeshwa katika kata isomwe mkutanoni, majina ya vikundi na kiasi. Watu wa mtaa wanajuana. Kikundi hewa hakiwezi kusomwa hadharani Kibirizi bila mtu kucheka.

Nimesema mengi kuhusu mgombea afanye nini. Mlango wa kuingilia, je?

Kwa sheria mlango hauna gharama. Kwa miaka mingi dhamana ya mgombea udiwani imekuwa shilingi 5,000, pungufu ya bei ya fulana ya kampeni. Masharti ni mepesi: uraia, umri wa miaka 21, kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, makazi ndani ya eneo la halmashauri, kipato halali. Na chama. Sharti hili la mwisho ndilo lililomfikisha marehemu Mchungaji Christopher Mtikila kwenye mahakama moja baada ya nyingine, mpaka Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mpaka leo mgombea binafsi hayupo.

Kwa hiyo anayetaka udiwani anaanza na kura za maoni za chama chake, na hapo ndipo mahesabu ya jamii yanapoharibika. Kata ina watu 12,000. Kura za maoni zina sehemu ndogo sana yao. Novemba 2024, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti, upinzani ukilalamika kwamba wagombea wake walienguliwa kabla ya mechi. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 Chadema hawakuwemo kabisa kwenye karatasi za kura, na yaliyotokea nchini siku ile na zilizofuata kila msomaji anayajua. Sheria ya 2024 imeondoa kupita bila kupingwa, mgombea aliyebaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana, na hilo ni jema. Bado, mahali ambapo mshindi anajulikana siku ya kura za maoni, mtia nia mwenye akili zake anajua waajiri wake ni wajumbe, na kundi dogo lina bei inayofikika. Huwezi kumlaumu peke yake kwa kupika pilau kwa waliopo mezani.

Kuna wanaohitimisha kutoka hapo kwamba siasa ya jamii ni ndoto za waandishi wa makala. Sikubaliani nao, ingawa naelewa. Wajumbe wenyewe wanaanika dagaa, wanalipa ushuru, wanalala kwenye mitaa ileile isiyozolewa taka. Mgombea aliyejumlisha risiti za giza moja ana kitu cha kuwaambia ambacho mwenye pilau hana. Mara ya kwanza atashindwa, karibu nina uhakika. Lakini mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi kwa sheria, na aliyeshindwa akiwa na tarakimu anaweza kwenda kukaa nyuma ya ukumbi na kusikiliza kama aliyeshinda anazitaja.

Jambo la mwisho ni la viti maalumu, na nitalipitia haraka ingawa lingestahili makala yake. Sheria inataka madiwani wanawake wa viti maalumu wasiopungua theluthi. Wanaingia kwa orodha za vyama. Wanapiga kura barazani kama wengine, lakini hawana kata, hawaongozi kamati ya kata, na hakuna mtaa unaoweza kuwadai. Matokeo yake, jinsia inayoujua mwalo kuliko nyingine imepewa viti visivyo na mwalo.

Namjua katibu wa kikundi kimoja cha waanikaji. Anaweka hesabu kwenye daftari la shule la kurasa 96: nani amekopa, nani amerejesha, nani amefiwa na kwa hiyo asidaiwe mpaka giza lijalo. Hajawahi kuchanganya fedha za kikundi na za nyumbani kwake, na kila mtu mwaloni anajua hivyo. Uchaguzi mwingine wa mitaa unatarajiwa 2029, wa madiwani 2030. Nikamuuliza kwa nini asigombee kata, kata yenyewe, aachane na viti maalumu. Alicheka sana. "Chama nitakipata, baba," akasema. "Fulana mia mbili ndizo sina."